Nimepata Jiko, Ila Ni la Mama

Najua nimeadimika. Kuna walionitumia ujumbe wakiuliza kama nimepata jiko, maana mwanamume wa umri wangu akipotea miezi mitatu bila kuandika lolote, watu wanaanza kunusa pilau. Jibu ni ndiyo, nimepata jiko. Ila ni jiko kweli, lenye oveni, kaunta na kinyonya moshi, na mwenye nalo ni mama yangu. Mambo ya harusi tuyaache kwanza.

Leo nataka kuwasimulia nilivyonunua vyombo vya kupachika jikoni, yaani vile vinavyozama ndani ya kabati hadi ukuta wote unaonekana kitu kimoja. Najua wengi mnajenga huko Goba, Kibamba, Chanika na Kigamboni, na wengi mna zile picha kwenye simu. Mimi pia nilikuwa nazo. Soma kabla hujatoa hela yako mfukoni.

Kisa chenyewe kinaanzia mbali kidogo. Mama yangu anauza skonzi. Ameanza kuziuza kabla sijaanza darasa la kwanza, na ada yangu ya chuo ilitoka humo humo, skonzi kwa skonzi. Anaoka kwa njia ambayo wengi wenu mmeiona nyumbani: sufuria kubwa ina mchanga chini, ndani yake linakaa bati la skonzi, mkaa uko chini na mkaa mwingine umemwagwa juu ya mfuniko. Anachuchumaa mbele ya hiyo sufuria kuanzia saa kumi alfajiri, anafunua, anachungulia, anapunguza mkaa, anaongeza. Kila siku isipokuwa Jumapili.

Sasa magoti yamekataa. Na kuna kikohozi ambacho kila nikimuuliza anasema ni mafua. Mwaka jana nilimpeleka kwa daktari, akamsikiliza kifua, akamuuliza anafanya kazi gani. Alipomweleza, daktari aliweka kalamu chini akasema, "Mama, huo mkaa uuache." Sisi wengi tunadhani mkaa ni salama kwa kuwa hautoi moshi mzito kama kuni. Lakini mkaa unapowaka unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ukiufungia ndani unaweza kuua. Mama alikuwa anaokea ndani kila mvua ikinyesha.

Nyumba ipo. Mimi na dada yangu tuliijenga kidogo kidogo kule Goba, tofali leo, bati mwakani, na mama akahamia mwaka 2022. Chumba cha jiko kilibaki kitupu, mita tatu kwa nne, kuta na bomba la maji basi. Nikasema sasa ni zamu yake. Nilikuwa nimeweka akiba ya miaka miwili, mshahara pamoja na vijikazi vya kutafsiri usiku. Shilingi milioni nne. Kwa mwandishi wa habari wa daraja langu hiyo siyo hela ya kuchezea. Ni hela ya kuhesabu mara mbili, ukalala, ukaamka ukaihesabu tena.

Nikaenda kwa mama na picha zangu. Jiko la kioo cheusi linalowaka kwa kugusa kwa kidole. Oveni. Maikrowevu ya kupachika. Mashine ya kuosha vyombo. Mama akazitazama zote, moja moja, kwa heshima kabisa. Halafu akainuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari.

Hilo daftari nalijua tangu utoto, ingawa si lile lile, maana yamekwisha mengi. Ndani yake mna unga, sukari, hamira, mafuta, mkaa, na nani anadaiwa. Akafungua ukurasa wa mwezi uliopita, akaweka kidole kwenye mstari wa mkaa: shilingi 65,000. Kisha mstari wa LUKU: 7,320.

"Hilo oveni lako," akasema, "litaandikwa shilingi ngapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Mimi, ninayewauliza mawaziri maswali ya bajeti!

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikakaa na kalamu. Nawaandikia hesabu nzima kwa sababu wengi tunanunua oveni kwa kuangalia rangi ya mlango.

Mama alikuwa anatumia uniti 60 kwa mwezi: friji, taa, televisheni. Kwa kuwa hakuzidi uniti 75, yuko kwenye daraja la D1, ambalo uniti moja ni shilingi 100, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 122. Zidisha mara 60, unapata 7,320 yake. Sasa oveni ya kawaida inasomeka kilowati mbili hadi tatu na nusu, lakini haili umeme huo muda wote. Ikishapata joto inajizima na kujiwasha yenyewe ili kulishikilia. Kwa bati zake mbili za kila alfajiri nilikadiria uniti moja na nusu. Siku 26 za kazi, uniti 39.

60 na 39 ni 99. Na hapo ndipo penye mtego. Matumizi yako yakishazoea kupita 75, unahamishwa D1 na kupelekwa T1, ambako uniti ni shilingi 292, na kwa kodi na tozo karibu 356. Wala siyo zile uniti za oveni peke yake. Ni zote, pamoja na taa ya chooni. 99 mara 356 ni shilingi 35,244. Yaani LUKU ya mama inatoka elfu saba na kupanda hadi elfu thelathini na tano kwa sababu ya zawadi yangu. Ningemletea oveni bila kumwambia haya, mwezi wa pili angeizima na kuifunika kitambaa cha kufuma, iwe kabati la kuwekea vikombe. Tunazijua nyumba zenye oveni za namna hiyo.

Lakini tukaangalia tena ule mstari wa mkaa. 65,000. Nyongeza ya umeme ni kama 28,000. Hata ukiweka gesi ya mapishi ya nyumbani, mama anabaki na kitu. Akanyamaza, akarudia hesabu kwa mkono wake mwenyewe pembeni ya ukurasa, akasema, "Haya. Oveni sawa. Hiyo ya kioo hapana."

Nikabisha. Jiko la kioo la sumaku halina moshi, halina moto, ni rahisi kufuta. Mama akanikumbusha mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ule mgao wa umeme uliotutesa wote. Nikamwambia mambo yamebadilika, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, megawati 2,115, wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Nimeandika habari zake mimi mwenyewe! Akanisikiliza hadi mwisho. "Mitambo tisa nimekubali," akasema. "Na ile nguzo ya kwetu iliyolala kwenye mwembe, nayo ina mitambo mingapi?"

Kweli, mvua ikinyesha nguzo yetu ina tabia zake. Tukakubaliana: kuoka kwa umeme, kupika kwa gesi. Kimoja kikigoma, kingine kipo. Baadaye fundi umeme akaniambia mama aliniokoa na jambo jingine pia. Majiko mengi ya sumaku yenye sehemu nne yanavuta hadi kilowati saba yakiwashwa yote. Gawa kwa volti 230, ni ampea 30, na nyaya za nyumba yetu hazikutandikwa kwa mzigo huo.

Maikrowevu na mashine ya kuosha vyombo zikafa kifo cha kawaida, hazikuzikwa hata kwa sherehe. "Vyombo vinaoshwa na wajukuu," mama akasema, akanitazama. Nikaangalia dirishani.

Mtaniuliza, kama hela ni ya mawazo hivyo, kwa nini usinunue lile jiko la kusimama, gesi juu oveni chini, bei nafuu, unachomeka unapika? Ndugu zangu, hilo ndilo swali zuri kuliko yote. Jibu ni magoti. Oveni ya jiko la kusimama iko chini. Mama angetoka kuchuchumaa mbele ya mkaa akaenda kuchuchumaa mbele ya kioo. Faida ya oveni ya kupachika kwa mtu kama yeye siyo urembo. Ni kwamba unaiweka kwenye kabati refu, kwa kimo unachotaka wewe.

Fundi makabati wetu, kijana wa Keko, alipokuja kupima chumba alimaliza akauliza, "Na mama ana urefu gani?" Nikashangaa. Akasema makabati ya mtu mrefu na ya mtu mfupi siyo mamoja. Akanipa futi nimpime. Mama akasimama wima ukutani kama mtoto anayepimwa kliniki, anacheka. Kutoka sakafuni hadi kiwiko, sentimita 97. Sikuwahi kujua mama ni mfupi kiasi hicho. Miaka yote nilikuwa namtazama akiwa amechuchumaa au akiwa amebeba beseni kichwani.

Kaunta za kawaida zinakuwa kwenye sentimita 90. Yake tukashusha hadi 85, ili akisonga ugali mabega yasipande. Oveni tukaipanga ili bati la kati liwe usawa wa kiwiko, akivuta bati la moto asiinue mikono wala asiiname.

Ikaja Jumamosi ya kwenda Kariakoo. Nilitaka kwenda peke yangu. Mama akasema anakuja. Kituoni nikamwona ana kikapu, na ndani ya kikapu kuna sufuria ya ugali, mwiko, na lile bati la skonzi.

"Mama, tunaenda dukani!"

"Kwani wewe ukienda kununua viatu unaacha miguu nyumbani?"

Wasomaji, nilitembea hatua tatu mbele yake Kariakoo nzima, najifanya simjui. Nalisema hili kwa aibu. Tukaingia duka la kwanza, vijana wa pale wamevaa fulana za kufanana, wanatuonyesha jiko la gesi la kupachika, kioo kinang'aa, vyuma vyembamba vya kukalishia sufuria. Mama akaweka sufuria yake. Akashika mwiko kwa mikono miwili, akasonga hewa. Ugali wa hewa, mbele ya wateja! Sufuria ikateleza, ikagonga kioo, kijana akaruka. "Mama, litapasuka!"

"Ndiyo nilichotaka kujua," mama akajibu, akatoa sufuria yake.

Duka la tatu tukapata la bati la chuma kisichoshika kutu, moto minne, mmoja mkubwa katikati, vyuma vyake vizito vya kuvalishwa, ukivigusa haviyumbi. Akasonga ugali wake wa hewa, sufuria ikatulia. Akauliza, moto ukizimwa na upepo gesi inaendelea kutoka? Muuzaji akaonyesha vile vijiti vidogo pembeni ya kila moto, vinavyohisi joto. Moto ukizimika vinapoa na gesi inafungwa yenyewe. Siyo majiko yote yanavyo, kwa hiyo muulize muuzaji, usione haya. Shilingi 380,000.

Oveni ikawa zamu ya bati. Bati la mama likagoma kuingia kwenye oveni mbili za kwanza, likaingia la tatu likibaki na nafasi pembeni. Ya upana wa sentimita 60, ina waya wa joto juu na chini na feni nyuma. Feni hiyo ndiyo muhimu kwa muuza skonzi, kwa sababu inazungusha joto hadi unaweza kuoka bati mbili kwa mpigo. Ilikuwepo nyingine yenye kioo cha namba na programu kumi na mbili. Mama akauliza ipi kati ya hizo kumi na mbili inaoka skonzi. Tukachukua ya vitufe vitatu vya kuzungusha. 1,150,000. Kinyonya moshi tukapata kwa 320,000.

Kuhusu hicho kinyonya moshi, niwape kanuni niliyopewa. Chukua ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa kumi. Jiko letu ni tatu mara nne mara kimo cha 2.8, ni mita za ujazo 33.6. Kwa hiyo mashine inayovuta chini ya 340 kwa saa haitutoshi. Halafu hakikisha moshi unatoka nje. Fundi alitaka kukwepa kutoboa ukuta, akasema zipo zenye chujio zinazorudisha hewa humo humo ndani. Zipo kweli, zinapunguza harufu na mafuta. Lakini mimi sikununua mashine ili kifua cha mama kirudishiwe hewa ile ile. Ukuta ukatobolewa.

Hapa mnadhani nimeshinda. Subirini.

Makabati na kaunta ya granaiti vilichukua 1,600,000. Fundi umeme na waya wake 280,000, maana oveni imevutiwa laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka, haishirikiani soketi na friji. Kibanda cha mtungi wa gesi nje na bomba lake, 150,000. Jumlisha na vyombo, 3,880,000. Nikabaki na 120,000 na furaha tele.

Siku ya kukata kaunta nilikuwa kwenye mkutano na waandishi wa habari, nimekaa mstari wa mbele. Simu ikatetemeka. Fundi: "Bosi, tundu la jiko nikate ngapi?" Nikainama chini ya meza, nikasoma kwenye stakabadhi niliyokuwa nayo, nikanong'ona: "58 kwa 50." Nikakata simu, nikaendelea kumnukuu mheshimiwa.

58 kwa 50 ni ukubwa wa jiko lenyewe kwa nje. Tundu la jiko lile linatakiwa liwe 56 kwa 48, ili ule ukingo wa bati ukae juu ya granaiti. Vipimo vyote viwili viko kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya boksi. Nilifika Goba jioni nikakuta jiko limetumbukia ndani ya kabati kama ndoo kisimani, fundi amekaa juu ya kopo la rangi, haongei.

Nilitaka kumfokea. Lakini namba nilimpa mimi. Mama akauliza sinki lina ukubwa gani. Sinki ni kubwa, sentimita 80 kwa upana. Akasema, "Si mpanue tundu hilo, hilo jiwe liende kwenye sinki?" Fundi akamtazama, akanitazama mimi, akasimama. Tundu dogo huwezi kulirudisha, lakini linaweza kuwa kubwa zaidi. Kipande kipya cha upande wa jiko kikagharimu 180,000. Ile 120,000 ikaondoka na 60,000 nikaitoa kwenye hela ya pango langu. Baba mwenye nyumba, kama unasoma hapa, sasa umejua.

Jambo la pili. Jiko likakaa sawasawa, mtungi ukafungwa, nikawasha. Moto ukatoka wa njano, mrefu, unacheza kama wa kibatari. Ndani ya dakika tano kitako cha sufuria mpya kikawa cheusi. Nilihisi machozi. Milioni nne, na moshi uko pale pale!

Fundi gesi akaja, akaangalia, akauliza swali moja: "Vinozeli vya gesi ya mtungi viko wapi?" Kumbe majiko mengi yanatoka kiwandani yamefungwa vinozeli vya gesi asilia, ile ya bomba. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na inasukumwa kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo inataka matundu madogo. Ukiipitisha kwenye matundu makubwa inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuiunguza, ndiyo unapata njano na masizi. Vinozeli vidogo huwa vinakuja kwenye kifuko ndani ya boksi. Boksi nilikuwa nimeshalitupa.

Mama akaenda chumbani. Akarudi na kopo la siagi. Ndani mna vifungo vya nguo, pini, stakabadhi zote, na kifuko cha nailoni chenye vitu vinne vidogo vya shaba. "Hivi vilikuwa vimebandikwa chini ya boksi," akasema. "Nikasema mtu hawezi kuvileta kutoka Ulaya bila sababu."

Nusu saa baadaye moto ulikuwa wa bluu, mfupi, umetulia. Fundi gesi alipokuwa anaondoka alitukumbusha jambo ambalo nami nalirudia kwenu: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni. Ndiyo maana mtungi uko nje na kibanda chake kina matundu chini, siyo juu.

Alfajiri ya kwanza nililala pale Goba ili nishuhudie. Saa kumi mama akaamka, nje giza, hakuwasha mkaa. Akakanda, akaumua, akaingiza bati mbili. Halafu hakujua afanye nini. Miaka zaidi ya ishirini dakika hizo zilikuwa za kuchuchumaa na kupuliza. Akazunguka jiko, akafuta kaunta iliyokuwa safi, akavuta kiti akakaa mbele ya kioo cha oveni, akawa anazitazama skonzi zinavyopanda. Bati la kwanza likaungua kidogo upande wa nyuma, karibu na feni. Bati la pili aliligeuza katikati ya muda, likatoka vizuri.

Sitawadanganya kwamba kikohozi kimeisha. Daktari amesema twende taratibu. Na sitawadanganya kwamba mkaa umeondoka Goba. Jiko la mkaa bado liko uani chini ya mwembe, kwa ajili ya maharage na makongoro, kwa sababu mama anasema gesi ya kuchemsha maharage ni sawa na kuchoma noti. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nimeuandikia habari huo pia. Siku hizi nikisoma hiyo asilimia namwona mama na daftari lake, anauliza itaandikwa shilingi ngapi hapa.

Sasa, kwa mnaojenga, nifupishe. Mpime mpishi kabla ya kupima chumba. Nunua vyombo kwanza, kisha fundi akate akiwa na karatasi ya maelekezo mkononi, siyo kwa simu. Piga hesabu ya umeme wa mwezi mzima, uangalie kama unavuka ule mstari wa uniti 75. Uliza vinozeli kabla hujaondoka dukani. Usitupe boksi. Na ukienda dukani, beba sufuria. Nipo serious.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale, mama kaenda kanisani, daftari liko mezani. Nikafungua. Sikupaswa, lakini ndiyo kazi yangu, kufungua madaftari ya watu. Nilitaka kuona ameandikaje zile hela zangu. Moyoni nilitegemea neno "zawadi". Nimewaambia watu wengi kwamba nimemnunulia mama jiko, nadhani hata hapa nimesema.

Kulikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wake wa kulala: "Mtaji, 4,060,000." Chini yake jina langu. Na chini ya jina, tarehe ya mwisho wa mwezi, "nimelipa 30,000."

Kweli mwisho wa mwezi alinitumia 30,000 kwenye simu. Nilidhani amekosea namba, nikampigia. Akasema hajakosea. Nikamwambia mama mimi sikudai. Akasema, "Najua hunidai. Mimi ndiye ninayeandika."

Sijui nifanye nini na hizo hela, wasomaji wangu. Sijazigusa. Nikizirudisha atakasirika, na nikizila zitanikaa kooni. Mwenye mama wa namna hii anishauri.

Tukutane tena hivi karibuni. Skonzi zipo Goba, karibuni.